Shimo la Mama Suzana

Mimi mchawi? Kisa macho mekundu? Jamani! Miaka yote napikia samadi iliyokaushwa, moshi unaniingia machoni, na walaji hawajawahi kuuliza. Nimezeeka kidogo tu, nimegeuka mchawi. Na kwetu Didia neno hilo si la mzaha. Mtu unaweza kufukuzwa hata kutoka kwenye shamba lako. Niliogopa, nasema kweli. Usingizi ulinipaa.

Binti yangu Suzana, mwenye duka Runzewe, akamleta fundi Enock anijengee mtambo wa gesi nyuma ya zizi. Samadi ile ile! Unaikoroga na maji, unaimwaga kwenye tangi lililofukiwa ardhini, hewa isiingie. Humo vijidudu vinaila, vinatoa gesi, nayo inapanda na kupita kwenye bomba mpaka jikoni.

Jirani yangu Martina, mwenye kuyaanzisha yale maneno, akapita akasikia shimo linabwabwaja. "Mmesikia? Amefuga kitu humo!"

Damu ikanichemka. Enock alinisihi, "Mama Suzana, subiri, bado." Nisubiri nini? Nikaita majirani wote waje waone. Nikawasha kiberiti, nikafungua koki. Ssss! Harufu ya yai viza, moto hakuna. Watu wakarudi nyuma. Martina akasema, "Si niliwaambia?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Gesi ya mwanzo haiwaki," Enock akanieleza walipoondoka. "Imechanganyika na hewa nyingine. Tunaitoa yote nje, tunangoja ijae mpya."

Nikangoja, roho mkononi. Kila asubuhi nakoroga samadi kwa mikono yangu, naliambia lile shimo: usiniaibishe tena, nakuomba.

Enock aliposema sasa tayari, sikualika mtu. Martina alikuja mwenyewe, umbea haukumruhusu kukaa kwake. Sikumfukuza, aone! Nikasogeza kiberiti, nikafungua koki.

Vup! Moto wa buluu! Mayu wane, mama yangu! Nilipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka zizini. Nikamkumbatia Enock, nikacheza, kiuno hiki hiki kinachouma. Nikabandika maji ya ugali, yakachemka upesi, na moshi hakuna, hata wa kusingizia!

Martina akainama kwenye jiko kuutafuta huo moshi. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, nayajua kwa moyo, nikafungua mdomo niyaseme. Akainua uso. Tangu tugombane sikuwa nimemtazama karibu hivyo. Macho yake mekundu, yanachuruzika machozi, kama yangu.

"Mama Suzana," akasema kwa sauti ndogo, "jana wifi yangu aliniuliza mbele za watu, macho yangu yana nini."

Nikamshika mkono, nikageukia mlangoni, Enock alikokuwa akifunga mzigo wake.

"Enock!" nikaita. "Usifungashe vifaa!"