Kilichobaki Tumboni mwa Bi Mkubwa

Mashine ile kubwa ya kuchapa ilifika dukani kabla yake, ndiyo maana mumewe aliiita Bi Mkubwa. Siku alipomleta bibi harusi aone mahali anapofanyia kazi, alimshika mkono, akampeleka hadi chumba cha nyuma na kusema kwa adabu zote, "Bi Mkubwa, huyu hapa mwenzio. Msije mkanigombania."

Bibi harusi, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa maneno, akajibu, "Mwambie apunguze kelele. Mimi sikuolewa kuja kulala karibu na ngoma."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri mbele akachungulia kuona kuna nini.

Sasa mcheshi yule alikuwa kaburini, na wake zake wawili wamebaki dukani wakitazamana.

Kila asubuhi mjane alifungua kufuli, akafagia, akafuta vumbi kwenye meza ya wateja, kisha akaketi. Mtu akija na kazi, alimwambia mashine ni mbovu. Haikuwa mbovu. Kule chumba cha nyuma taa yake ndogo ya rangi ya machungwa iliwaka na kuzimika, iliwaka na kuzimika, ikisema kitu kimoja tu: karatasi imekwama. Kuitoa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini hakuitoa, wala hakumruhusu mtu aizime mashine ile.

Ubavuni mwa Bi Mkubwa palikuwa na sehemu ya kumalizia kazi, sanduku lililosimama kama kabati, ambalo mumewe aliliita tumbo. Enzi za mapenzi mabichi aliwahi kulifunua ili mkewe aone.

"Karatasi ikishachapwa haijidondokei tu," alimweleza. "Inavutwa na rola hizi, inaingia humu, inalala kwenye hiki kijitrei. Ona hivi vibao viwili vya pembeni. Kila karatasi inapoingia, vinaigonga huku na huku, polepole, mpaka kingo zikae sawa. Kama wewe unavyopanga nguo kabatini. Halafu inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Wenzake. Bi Mkubwa hapigi pini mpaka karatasi ya mwisho ya kitabu iingie. Ichelewe itakavyochelewa, atazishikilia zilizotangulia. Ya mwisho ikifika, kichwa cha stepla kinateleza hadi kwenye kona, kinapiga, miguu ya pini inakunjwa kwa chini, kisha kitabu kinasukumwa nje. Tak! Kimezaliwa."

"Mwanamke mvumilivu."

"Umeona, eh? Jifunze."

Mkewe alimpiga begani kwa furushi la bahasha.

Miaka ilivyokwenda, alizoea kuifuata kazi yote kwa masikio akiwa kule mbele: mvumo wa rola, kugongagonga kwa vibao, kimya kifupi, tak. Alijua kitabu ni kinene au chembamba bila kukiona. Aliijua sauti hiyo kama mama anavyozijua pumzi za mtoto wake usingizini.

Siku ile mumewe alikuwa akichapa mwongozo wa chama cha wafuga nyuki. Yeye alikuwa mezani akikata picha za pasipoti. Akasikia rola, akasikia vibao, kisha karatasi ikijikunja vibaya na mashine kunyamaza. Hilo halikuwa jambo geni. Kimya cha namna hiyo siku zote kilifuatiwa na ugomvi: "Bi Mkubwa, tema! Tema nimesema! Umekunywa chai asubuhi, tamaa ya nini?" Basi akasubiri ugomvi uanze, tabasamu likiwa tayari mdomoni.

Haukuanza.

Alimkuta ameketi sakafuni, ameegemea tumbo la mashine kama mtu aliyepumzika kidogo kabla ya kuendelea. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kitasa cha kile kijimlango. Daktari alisema ni moyo. Zaidi ya hapo hakukuwa na la kusema.

Ndiyo sababu hakuifungua. Mle ndani mlikuwa na kitabu nusu, karatasi zilizopita mikononi mwa mumewe akiwa hai, zimepangwa, zinasubiri wenzao. Maadamu kijimlango kimefungwa, kazi aliyoianza ilikuwa haijakwisha. Hakumwambia mtu. Alijua maneno hayo yakitoka mdomoni yatasikika vipi.

Wifi yake, dada wa marehemu, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Asubuhi moja alitokea dukani akiwa ameongozana na fundi mmoja mnene, rafiki wa siku nyingi wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi.

"Wifi, leo nimekuja na mtu."

"Karibuni. Lakini mashine haina ugonjwa."

"Basi mwenye ugonjwa ni wewe. Taa inawaka mchana na usiku kama mgahawa! Mwenyekiti wa wafuga nyuki amekuja kutoa pole mara ngapi? Mtu wa watu hasemi kitu, ila shingo inamrefuka kuelekea chumba cha nyuma. Kaka yangu hakuwahi kulaza kazi ya mtu hivi."

"Kaka yako hayupo."

"Najua hayupo!" Wifi alipiga meza kwa kiganja. "Tumetoka tumbo moja, unadhani nahitaji wa kunikumbusha?"

Bisibisi alianza kukagua vifaa vyake kwenye mfuko, kimoja kimoja, kama mtu aliyeibiwa.

"Shemeji," mjane akamwambia mwishowe, kwa sauti ya chini, "ukifungua, zile zilizomo ndani zitakuwaje?"

Bisibisi alielewa. Hakuuliza zipi.

"Inategemea. Tukiizima na kuiwasha upya, itazitema zote nje kama takataka. Tukitoa ile iliyokwama tu na kufunga mlango, ataanzia pale alipoishia. Ataichapa upya iliyoharibika, aziunganishe na zile za mwanzo, aendelee na safari."

"Anakumbuka alipoishia?"

"Bi Mkubwa? Huyu anakumbuka kuliko mimi na wewe, shemeji. Kazi ameikumbatia tangu siku ile. Anachosubiri ni hiyo karatasi moja tu."

Mjane aliitazama taa ikiwaka na kuzimika. Siku zote hizi alidhani yeye ndiye aliyekuwa akimlinda mwenzake. Hakuwa amefikiria kwamba mwenzake naye alikuwa amezuiwa njiani, amebeba mzigo ambao haruhusiwi kuutua.

"Nitaitoa mwenyewe," akasema.

Alipiga magoti pale pale mumewe alipokuwa ameketi. Kitasa kilikuwa cha plastiki, laini, cha kawaida kabisa, na bado mkono wake ulikataa kwa muda. Kisha akavuta.

"Ishike kwa mikono miwili," Bisibisi alielekeza nyuma yake. "Ifuate inakotaka kutoka, usiivute kwa hasira. Ikichanika kipande kikabaki humo, lawama zitanirudia mimi. Na zile za kwenye trei usiziguse."

Karatasi ilikuwa imejikunja mikunjo mikunjo kati ya rola. Ilitoka polepole, ikilia kwa kukwaruza. Chini yake aliziona zile nyingine. Kingo zilikuwa sawasawa, hakuna iliyopita mwenzake, ila pembe zilikuwa zimeinuka kidogo kwa kulala muda mrefu, na juu pametanda vumbi jepesi. Akazitazama mpaka wifi akakohoa. Ndipo akafunga mlango.

Taa ilibadilika. Kioo kikauliza kama waendelee. Bisibisi alirudi nyuma hatua moja, na wifi, ambaye alikuwa amekuja kwa kishindo, naye akarudi nyuma. Mjane akabonyeza kitufe cha kijani.

Bi Mkubwa alijitikisa kama mtu aliyeamshwa. Rola zikavuma. Karatasi ikapita, vibao vikaigonga huku na huku, nyingine ikafuata, nyingine. Kimya kifupi.

Tak.

Kitabu kikatoka, kikalala mbele yake.

Alidhani yameishia hapo. Alikuwa amesahau kwamba mumewe alimwagiza Bi Mkubwa vitabu vya chama kizima. Mashine haikusimama hata kuvuta pumzi. Kitabu cha pili kikaja juu ya cha kwanza, halafu kingine, na trei ikawa inashuka kidogo kidogo kupisha nafasi. Mtu alikuwa amekwenda, na agizo lake lilikuwa likitimizwa bila kubadilishwa neno. Wifi alianza kuvitoa vitabu na kuvipanga mezani, machozi yakimtiririka bila sauti, naye hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Kisha kikatoka cha mwisho, na mashine ikanyamaza. Wote watatu wakasubiri. Hata Bisibisi alisubiri, kichwa amekiinamisha upande. Hakuna aliyegombezwa.

Mjane alikitafuta kile cha kwanza chini ya rundo. Akapitisha kidole gumba juu ya pini, kwa mbele, kisha kwa nyuma, kama mumewe alivyofanya kwa kila kazi ili isije ikamchoma mteja. Ilikuwa imelala vizuri. Karatasi za mwanzo zilikuwa za baridi, pembe zimeinuka. Zilizofuata zilikuwa bado na joto la mashine. Pini moja imezishika zote.

"Hivi ni vya watu," akasema, akijaribu kukirudisha rundoni. "Vyote vimelipiwa."

Wifi alikichukua, akakigeuzageuza, akazikazia macho zile pembe kama mnunuzi mgumu sokoni.

"Hiki kina kasoro," akatangaza. "Kaka yangu hakutoa kitabu chenye kasoro mlangoni mwake. Nitamwambia mwenyekiti tutamchapia kingine." Akamrudishia mikononi. "Kaa nacho."

Bisibisi na wifi walipokwenda mbele kuvifunga vitabu kwa kamba, alibaki kwenye kiti cha mumewe. Aliifungua karatasi ya kwanza, akaanza kusoma tangu mwanzo, kuhusu mizinga, kuhusu moshi, kuhusu namna ya kumkaribia nyuki bila kumtia hofu. Alisoma bila kuruka mstari mpaka alipofika ule ukurasa uliokuwa umekwama, sasa umechapwa upya. Ulieleza kwamba kiangazi kikiwa kirefu, mfugaji aweke maji karibu na mzinga, katika chombo kipana, na ndani ya maji aweke vijiti, nyuki wapate pa kutua wasizame.

Aliusoma wote. Vidoleni mwake karatasi ilikuwa imeanza kupoa.