Kidole Gumba cha Kulia

Watu husamehe. Bi Kadi hakuwa mmoja wao, na hakuona haya kulisema. Kulikuwa na maneno mawili aliyoyaweka moyoni miaka ishirini na miwili, na aliyeyatamka sasa ndiye aliyekuwa bosi wake.

Jina la Bi Kadi alipewa na wenzake wizarani kwa sababu ya kazi yake. Kabla sera haijaandikwa, yeye hutumwa akakae mabenchini na wananchi, ahesabu madirisha wanayozungushwa na kuandika wanachoambiwa, kauli moja kadi moja, bila kupunguza kitu. Kisha hubandika kadi ukutani, kuanzia mtu anapotoka kwake hadi anaporudi, na kila aliporudishwa hupitisha uzi mwekundu. Safari hii alipewa kazi ya cheti cha ulemavu. Alipoisikia kazi hiyo kikaoni aliomba maji.

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Alianguka kutoka jukwaani, mkono wa kulia ukakatwa juu ya kiwiko. Bila cheti hapati mkono wa bandia, na bila mkono hakuna ujenzi. Binti alikuwa na miaka kumi na mbili, ndiye aliyembebea faili. Walipita madirisha sita. Kwenye la saba walimkuta kijana mmoja wa tai, akawasukumia fomu.

"Kidole gumba cha kulia, hapa."

"Mwanangu, mkono wa kulia ndio sina."

"Fomu haisemi kushoto."

"Sasa nifanyeje?"

Kijana akawageukia wenzake kwanza, ahakikishe wanasikia. "Kakitafute ulikokiacha, mzee."

Wakacheka. Benchi zima likacheka, hata wenye magongo, maana ukiwa kwenye foleni unacheka anachocheka mwenye dirisha. Baba akachukua faili lake akaondoka, na hakukanyaga tena ofisi ya serikali. Mwiko wake aliutundika nyuma ya mlango, na uko pale hadi leo.

Kijana wa tai sasa alikuwa Mkurugenzi, kitambi mbele. Siku alipokuja kuukagua ukuta, Bi Kadi alimpitisha taratibu: hii karatasi inaombwa mara tatu, hii picha inakataliwa na hakuna ajuaye kwa nini, hapa asiye na miguu anaambiwa apande ghorofa ya pili. Akamfikisha kwenye kadi ya mwisho, yenye yale maneno mawili. Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma, kitambi kikatikisika kwa kicheko.

"Huyu karani ana maneno. Wa kituo gani?"

"Alihama, bosi."

"Iache hapohapo. Katibu Mkuu ataipenda."

Hakukumbuka! Hilo ndilo lililomkata maini Bi Kadi. Angebabaika, angeona aibu, hata angemfukuza kazi, pengine hasira ingepata pa kukaa. Kumbe yeye amebeba kinyongo miaka yote hiyo na mwenzake hana hata habari. Aliingia msalani, akafungulia bomba ili asisikike, akalia hadi macho yakavimba. Alipomaliza akanawa uso, akarudi mezani kuandika.

Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya Mkurugenzi aliujua ugonjwa wake: hasomi. Ripoti ikimfikia hufungua ukurasa wa mwisho, hutia saini, hugonga muhuri, kisha huomba chai. Bi Kadi akamwandikia kurasa arobaini na moja. Madirisha saba yakawa mawili. Fomu mpya ikakubali kidole chochote, na asiye na vidole picha yake inamtosha. Yote yalikuwa ya haki, angeyatetea mbele ya hakimu. Na katika ukurasa wa kumi na tisa, kati ya maelezo ya viti na vibao, akaweka aya fupi: siku ya uzinduzi, mwananchi wa kwanza atahudumiwa na mkubwa wa idara kwa mikono yake mwenyewe, mwananchi akiwa ameketi na mkubwa akiwa amesimama. Alama ya kidole ikitoka vibaya, itarudiwa hadi isomeke.

Mkurugenzi akatia saini, akagonga muhuri, akaomba chai.

Ikabaki kazi ngumu kuliko hiyo. Jumapili alimkuta baba yake uani anamenya viazi, kiazi kakibana kwa magoti.

"Baba, nataka uje ofisini."

"Nilishasema siendi."

"Fomu imebadilika."

"Acha ibadilike. Mkono wa bandia saa hizi nivae niende nao wapi, kaburini?"

Bi Kadi akachuchumaa kando yake. "Atakayekuhudumia ni yule wa dirisha la saba."

Kisu kikasimama. "Bado yupo?"

"Yupo, mzima kabisa. Ndiye mkubwa wao."

Mzee akakimaliza kiazi chake, akakitia sufuriani. "Shati langu jeupe," alisema, "lipige pasi."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa kamera, na kadi zote za Bi Kadi zilikuwa zimehamishiwa humo kwa mpangilio uleule, hadi juu ya dirisha jipya. Bi Kadi akasoma ukurasa wa kumi na tisa kwa sauti. Mkurugenzi akaanza kutafuta karani kwa macho, lakini Katibu Mkuu alishamshika bega. "Umetia saini mwenyewe. Hongera, huu ni mfano wa kuigwa."

Mzee akaketi. Mkurugenzi akainama mbele yake, pedi ya wino mikononi. Mzee akachovya gumba la kushoto, akalibandika kwenye fomu, akalikokota kidogo pembeni.

"Imepakaa," alisema. "Turudie."

Ikaletwa fomu nyingine. Ikapakaa. Ya tatu ikapakaa, na ya nne. Jasho lilikuwa linamdondoka Mkurugenzi, mgongo umeanza kumuuma.

"Mzee, tuliza mkono," alinong'ona.

"Huu wa kushoto ni mgeni wa kazi, mwanangu. Mwenyewe ni wa kulia. Kidole chake uliniambia nikakitafute nilikokiacha, nimekitafuta miaka ishirini na miwili sijakiona."

Mkurugenzi akainua macho. Juu ya dirisha ilikuwa imebandikwa ile kadi ya mwisho, ambayo mwenyewe aliagiza iachwe. Akaisoma, na safari hii hakucheka.

"Mnafahamiana?" akauliza Katibu Mkuu.

"Sana," alisema mzee. "Mwanangu, fomu nyingine."

Mkurugenzi akaenda kuileta, akarudi, akaenda tena. Ya saba ndiyo iliyosomeka. Bi Kadi alikuwa akizihesabu, na roho yake ilitulia kwa raha ambayo hakutaka kuificha.

Walipofika mlangoni akamshika baba yake mkono. "Baba, umesahau cheti."

"Sijakisahau," alisema mzee, akaketi kwenye benchi la nje. "Atakileta."

Wakakaa wakimsubiri, na akakileta.