Neno la Mzee wa Kitanda cha Tisa

…kwa sababu niliyaona yote mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili, sikusimuliwa, ndivyo nilivyomwambia Sista na ndivyo Sista alivyomwandikia binti wa marehemu, na sasa binti mwenyewe huyu hapa, kavuka nchi ngapi sijui, ameketi ukingoni mwa kitanda namba tisa ananitazama mimi mfagizi wa wodi, na Sista kashika simu yake inayotafsiri, anasema, "Profesa, anauliza ni mkono wako upi ulioushika wa baba yake," mkono upi, jamani, sakafu haijakauka, watateleza hawa… Profesa ni jina nililobandikwa na wafagizi wenzangu kwa ajili ya Kihispania changu, Kihispania cha neno moja, lakini hilo moja nalijua hadi uvunguni, mimi niliyeishia darasa la tano, madaktari wazima humu hawakuwa nalo, nilifundishwa na mzee mwenyewe, fundi wa jenereta aliyeletwa kutengeneza mitambo kiwandani, moyo ukamwangusha, hana ndugu, hana wa kupiga naye soga, siku ya kwanza nikamwaga ndoo nzima chini ya kitanda chake nikaruka kama paka, akainua kidole, tranquilo, nikajua, naambiwa nitulie, kesho yake akanionyesha maji ndooni yalivyokaa bila kutikisika, tranquilo, kumbe hata maji, kisha mgonjwa wa pembeni asiyesumbua mtu, tranquilo, na Sista akihangaika kutafuta mshipa neno linageuzwa mkia, tranquila, maana mwanamke ana mkia wake, nikaenda nalo nyumbani nikamtambia mke wangu, akasema neno la kumnyamazisha mke halina haja ya kutoka ng'ambo… halafu siku moja mzee akajigonga kifuani, akalisema, akatikisa kichwa kukataa, akatoa picha ya msichana chini ya mto, huyu huyu aliyeketi hapa, nikaelewa kwamba kifua nacho huwa tranquilo au kisiwe, na chake hakikuwa, wawili hawa waliachana vibaya, sikutaka somo liendelee, nikaokota ndoo… "Profesa, umesikia? Anataka aushike huo mkono," nimesikia, Sista, sina uziwi, nina asubuhi ile tu, saa nne, jua limetandaza sakafuni, mzee kang'ang'ania chuma cha kitanda, nikakuita, Sista, nikakuita mpaka koo likakauka, ulikuwa wodi ya pili, naye akauachia ule upande wa chuma, akaunyoosha mkono kwangu, taratibu, kama anayeomba kikombe cha maji, nikatetemeka, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akaniona natetemeka, akasema tranquilo, mimi ndiye niliyeambiwa, anayekufa anambembeleza aliyesimama, na mkono ukabaki hewani, ukabaki, ukabaki… mpaka leo nikipiga deki hapa huwa nauinamia nisigongane nao, wenzangu wanadhani mgongo unaniuma, nami nawaachia wadhani hivyo… sasa binti kanyoosha wake, kimo kile kile, vidole vile vile virefu vya fundi, anangoja, hakuja kwa ajili ya kaburi huyu, amekuja kwa ajili ya mkono wa mfagizi, ameushikilia tangu barua ya Sista, na mimi maarufu wa maneno, ninayeweza kumpa kisa cha saa nzima bila kumeza mate, naitazama ndoo tu… maana neno alilisema, mtu asinibishie, na jua lilikuwepo, na picha ilikuwa chini ya mto, hayo yote kweli tupu, ila kushikana, pale pa kushikana niliongeza mwenyewe, chumvi yangu, mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mpini wa dekio, imeukaza, kama ilivyoukaza sasa hivi…