Viti vya Mgeni

Mwalimu mkuu, ambaye wazazi walimbatiza Mama Chaki kwa jinsi alivyovunja kipande kimoja mara nne ili kila mwalimu apate, aliusubiri ukaguzi ule miaka sita. Darasa la tatu lilikuwa na watoto sabini na wawili, na dawati hata la dawa halikuwepo. Watoto waliandikia sakafuni, wamepiga magoti. Sasa ofisi ya elimu, ambayo yenyewe haijawahi kukosa viti, ilikuwa na madawati themanini, na mkaguzi angeyapeleka pale atakapoona hali ni mbaya zaidi. Shule za mjini zilishapata mara mbili. Ziko kando ya lami, nazo hazisahauliki.

Jumatatu aliwaambia wazazi, "Kesho tuna mgeni. Njooni mfagie." Hapo ndipo alipokosea. Umwambie mama wa kijijini kwamba mgeni anakuja, halafu utegemee alete ufagio peke yake?

Asubuhi alikuta darasa limejaa viti vya sebuleni, mabenchi, vigoda, hata kochi lililoegemezwa kwenye tofali. Bibi mmoja, aliyekuwa akimlea mjukuu wake, alileta kiti pekee alichokuwa nacho, kitambaa kimefuliwa.

"Tumekusitiri, mwalimu," alisema. "Mgeni asikute watoto wetu chini kama kuku."

Moyo ulimshuka Mama Chaki. Papo hapo gari la mkaguzi liliingia.

Mkaguzi, mtu mpole mwenye haraka, alihesabu akionyesha kwa kalamu. "Mmejitahidi. Hivi vyote ni vya shule?"

Wazazi walikuwa wamejazana dirishani wakitabasamu. Mficha uchi hazai. Mama Chaki mwenyewe aliwafundisha watoto methali hiyo kila mwaka. Lakini kusema kweli pale ilikuwa kumvua nguo yule bibi mbele ya mgeni.

"Ni vya shule, mheshimiwa," alisema, na mkaguzi akaandika.

Kabla vumbi la gari halijatulia, kila mtu alishajitwika kiti chake kurudi nyumbani.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Shule ilipongezwa kwa jitihada zake; madawati yamepelekwa mjini, kwenye shule yenye upungufu wa madawati kumi na mawili. Aliisoma mlangoni mwa darasa la tatu. Mjukuu wa yule bibi alikuwa amelala kifudifudi, akimalizia hesabu zake. Mama Chaki alilia, na hasira yake yote ilikuwa juu ya ulimi wake mwenyewe.

Saa ya kutoka, bibi alikuja kumchukua mtoto.

"Mwalimu, yule mgeni wetu aliridhika?"

Mama Chaki aliikunja barua. "Aliridhika sana, mama."

"Alhamdulillahi. Basi akija tena uniambie mapema. Kile kiti nimekipaka rangi."