Mstari wa Mwisho wa Futafuta

Walimwita Futafuta kwa sababu kila alichoandika alikifuta. Mashairi yake ya Kiingereza yalikaa kwa shangazi yake, mchapishaji, mwaka mzima, na kila wiki alipiga simu: "Shangazi, badilisha neno moja tu!" Kitabu kilipotoka hatimaye, shangazi mtu akashusha pumzi. Mwaka huo alishatoa vitabu vingine vitatu vya mashairi, akaandaa usomaji huku na kule, viti vingi kuliko watu. Sasa mwenye duka kubwa la vitabu alikubali kuja kwenye uzinduzi. Akipenda, vyote vinne vinaingia dukani. Asipopenda, shangazi anafunga kazi.

Mchana wa siku ya uzinduzi akamwacha Futafuta ukumbini peke yake na maboksi ya vitabu. Hapo ndipo alipokosea.

Aliporudi na maua alimkuta kakaa sakafuni, kalamu mkononi, vidole vyote wino.

"Umefanya nini wewe?"

"Mstari wa mwisho ulikuwa umelala, Shangazi. Nimeukata, nimeandika mwingine."

"Kwenye nakala ngapi?"

"Zote."

Shangazi akajibwaga juu ya boksi. "Mtoto wewe utaniua, na roho yangu bado naitaka!"

Watu walishaanza kuingia. Wakanunua, wakajaa hadi dirishani. Futafuta akasoma shairi la mama anayesubiri simu ya mwanawe. Mwishoni mama akaacha taa ikiwaka.

"Aa, kwenye nakala yangu anaizima!" akadakia mwanamke wa mbele.

"Kwangu anaimba!"

"Muongo! Hebu lete nione!"

Futafuta alitamani sakafu imfiche. Kumbe kila alipofungua nakala, wazo jipya lilimjia, naye akaliandika hapohapo, kila nakala na mwisho wake. Lakini ukumbi ulichemka! Watu wakasimama, wakasomeana, wakabishana, wakabadilishana vitabu. Babu mmoja alikumbatia chake kabisa: "Sitoi! Nimeshamzoea mama huyu!"

Shangazi akamtafuta mwenye duka. Alikuwa kwenye kona, anaficha nakala ndani ya koti.

"Kaka, hiyo si unaipeleka dukani?"

"Hii ni yangu, siuzi. Zilizobaki niletee kesho, na vile vitatu pia. Na huyu binti aje na kalamu yake."

Shangazi aliruka kama msichana, akamkumbatia Futafuta mpaka maua yakapondeka.

"Shangazi," akanong'ona Futafuta kutoka humo kwapani, "na jina la kitabu, je? Maana nimefikiria—"

"Thubutu!"