Chati ya Chaki kwenye Mlango wa Jiko

Pakiti yenyewe ilikuwa ndogo, haijazi hata kiganja, na Bi Chaki aliikuta mahali ambapo mtu mwenye akili zake hafichi kitu cha kula: ndani ya kopo la misumari ya inchi tatu, kwenye karakana ya mumewe. Alikuwa akitafuta msumari wa kutundikia kioo cha wateja. Akaifungua, akaona unga mweupe, akachovya kidole akaramba. Ulikuwa mtamu kupita kiasi, na hasira zikampanda papo hapo.

Miezi miwili! Miezi miwili anahangaika jikoni kwa ajili ya huyu mwanamume, kumbe mwenzake anakwenda kuramba sukari nyuma ya mbao.

Mtaa mzima ulimwita Bi Chaki kwa sababu kipande cha chaki hakikumtoka sikioni tangu aanze ufundi cherehani. Mumewe, seremala, waliyemwita Fundi tu, alikuwa na karakana upande wa pili wa ukuta, nyuma ya nyumba yao. Ugonjwa wa sukari ulimwingia Fundi kimyakimya, na tangu mwaka jana alikuwa akijidunga insulini kila asubuhi. Bi Chaki aliogopa. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na yeye ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji.

Ndiyo maana mtaalamu wa lishe wa kliniki alipotoa somo, Bi Chaki alikaa mstari wa mbele. Mtaalamu alieleza juu ya kiwango cha glaisemia: kwamba vyakula vya wanga havifanani, vingine huipandisha sukari ya damu mbio, vingine huipandisha taratibu. Glukosi imepewa mia, na vingine hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kupima, hiyo ilikuwa lugha ya nyumbani. Alirudi akachora chati kwenye mlango wa jiko, mlango ambao Fundi mwenyewe aliupiga randa. Juu, kwa chaki nyekundu, vyakula vya mbio: glukosi, mkate mweupe, viazi vya kupondwa. Katikati, kwa njano, vya wastani. Chini, kwa buluu, vyakula vya kobe: maharage, dengu, karanga. Na juu ya vyote akaandika, Haraka haraka haina baraka.

Tangu siku hiyo vyekundu viliondolewa nyumbani. Sukari, asali, soda, biskuti, vyote vikaenda kwa majirani. Chai ya Fundi ikawa kavu, na mkate wake mweupe wa asubuhi, vipande vinne, ukageuka bakuli la maharage. Alinung'unika siku tatu akanyamaza. Kimashine cha kupimia sukari kikaanza kutoa namba nzuri, Bi Chaki akazisoma kwa sauti ili hata majirani wasikie.

Sasa hii pakiti.

"Mzee, hii ni nini?"

Fundi alikuwa amemaliza kujidunga, dozi yake ileile, na alikuwa akifunga vifungo vya shati. Aliitazama pakiti, akaangalia pembeni.

"Iache, mama. Irudishe ulipoitoa."

"Niirudishe? Mficha maradhi, kilio humfichua! Jumapili dada yako akija nitamwekea mezani, aamue mwenyewe kama mimi ndiye mbaya."

Fundi alimalizia kifungo cha mwisho. Alikula nusu ya maharage, akasukuma bakuli, akaenda karakana. Bi Chaki aliifungia pakiti kwenye droo ya cherehani na kuutundika ufunguo shingoni pamoja na utepe wake wa kupimia. Kizibiti lazima kitunzwe.

Ilikuwa inakaribia saa tano alipoinua kichwa kutoka kwenye pindo la gauni. Mke wa seremala hujua kazi ya mumewe kwa masikio. Msumeno wa umeme ukila ubao hunguruma, ukikaa bure hulia kwa sauti nyembamba. Huu ulikuwa ukilia bure. Alisubiri. Ukaendelea kulia.

"Mzee?"

Aliweka mkasi chini akatoka.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya meza ya msumeno, shati limelowa jasho chapachapa, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Ubao ulikuwa mikononi mwake, umekaa upogo. Alikuwa akiusukuma pasipo kuutazama, na dole gumba la kushoto lilikuwa limetangulia mbele ya ubao, likienda moja kwa moja kwenye meno.

Bi Chaki hakupiga kelele. Alijua kelele zingemshtua. Alinyata hadi ukutani akashusha swichi kubwa. Msumeno ukazunguka, ukazunguka, ukasimama.

"Nani kakwambia uzime?" Maneno ya Fundi yalikuwa mazito, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyemjua. "Washa! Washa nakwambia!"

"Kaa kwanza, baba."

Katika miaka ishirini na sita Fundi hakuwahi kumsukuma, lakini siku hiyo alimsukuma. Kisha akaketi ghafla juu ya rundo la mbao, akitetemeka.

Sukari imempanda, Bi Chaki alijiambia. Ana pakiti nyingine, ameramba, sasa imempanda. Akakimbia jikoni, akarudi na kimashine, maji na konzi ya karanga, akamtia mdomoni. Vya kobe vitaituliza. Fundi alitafuna taratibu, kama hajui anachotafuna. Bi Chaki akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine.

Mbili nukta tatu.

Alikipangusa kioo kwa kanga yake akasoma tena. Mbili nukta tatu. Nesi aliwaambia, ikishuka chini ya nne ni hatari, mpe sukari usingoje. Haikupanda. Ilikuwa imeshuka, na yeye alikuwa akimlisha karanga.

Alimtoa karanga mdomoni kwa kidole. Sukari! Akapita mbio hadi jikoni akafungua kabati, makopo yote ya kobe. Dengu, maharage, shayiri. Nyumba nzima haikuwa na punje ya sukari, yeye ndiye aliyeifagia. Duka lilikuwa mtaa wa pili, na kutoka karakana alisikia mbao zikianguka. Akageuka kukimbia, akakutana uso kwa uso na mlango. Namba ya kwanza kabisa, kwa chaki nyekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe: GLUKOSI 100. Alichokifukuza ndicho alichokitaka, na alikuwa amekifungia kwenye droo.

Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Mara ya tatu droo ikafunguka. Alikoroga unga kwenye kikombe, nusu ukamwagika, akampata Fundi ameegemea ukuta, macho yamefumba nusu.

"Meza, baba. Meza. Usilale, tafadhali, meza."

Alimeza kidogo. Akameza tena. Bi Chaki aliushika mkono ule wenye dole gumba lililonusurika msumeno, akahesabu dakika kwenye saa ya ukutani, kumi na tano, ndefu kuliko ujauzito wowote aliowahi kubeba. Alipompima tena, kimashine kilisema nne nukta sita, na Fundi akauliza, kwa sauti yake ya siku zote, kwa nini shati lake limelowa.

Hapo ndipo Bi Chaki alipolia.

Alimpigia nesi, simu ikiwa kwenye spika katikati yao. "Dada, nimembadilishia mume wangu chakula chote. Mkate nimeutoa, sukari nimeitoa. Sindano hatukuigusa."

"Hamkuniambia?" Nesi aliuliza. "Mama, dozi ile niliipanga kwa mkate na chai ya sukari. Chakula chako ni kizuri, usikiache, lakini dozi lazima ipungue. Njooni leo. Imewahi kumshuka kabla?"

Bi Chaki alikuwa tayari kusema hapana.

"Mara mbili," Fundi alisema. "Ndipo nikanunua ile glukosi."

"Mara mbili lini? Mbona hukusema?"

"Ungenifungia msumeno." Aliinama. "Ya kwanza, ile siku uliyoimba jikoni."

Bi Chaki aliikumbuka. Kimashine kilisema nne nukta moja, akaimba mpaka jirani akauliza kuna arusi gani. Mumewe alikuwa ng'ambo ya ukuta, ameushikilia msumeno, anatetemeka, anamsikiliza akifurahi.

Bi Chaki aliikata simu. Alichukua msumari wa inchi tatu kutoka kwenye kopo. Fundi akanyoosha mkono apokee nyundo, lakini Bi Chaki akapigilia mwenyewe, kando ya swichi kubwa, usawa wa macho. Akaitundika pakiti pale, mahali ambapo mtu yeyote angeiona.