Chupa Tatu kwa Mapafu ya Sauda

Usiku wa jana niliota mapafu ya mwanangu Sauda yamekuja kazini kwangu, yamekaa kwenye benchi, la kulia limelipakata la kushoto.

Nieleze kwanza. Mimi ni fundi wa maabara. Tunajaribu dawa za majani kwa uvimbe wa mapafu. Na jana jioni kifua cha Sauda kilikuwa kinapiga filimbi. Nilimpa pampu yake ya pumu kama daktari alivyoagiza, akalala ameegemea mito. Kisipotulia mpaka asubuhi, hospitali. Nilifumba macho kidogo tu.

"Tumevimba," likasema pafu la kulia.

"Naona. Subirini zamu yenu."

Mbele yao majani yanatoka kwenye spiriti tulikoyaloweka. Yamelewa. Kivumbasi anaimba taarabu, mkaratusi anamtongoza mpera. Nikawaambia hapa ni kazini. Wakaingia kwenye chupa wenyewe, wananung'unika.

Mkuu wa maabara ni mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu. Sikushangaa. Amevaa koti jeupe juu ya khanga. Anabandika utepe wa bluu kwenye chupa: A, B, C. Siri ya kilichomo ameifunga kwenye pindo la khanga, panapofungwa hela.

"Mama, ipi ina nini?"

"Hujui, na hutakiwi kujua. Si ndiyo kanuni yenu? Anayetoa dawa hajui, anayepewa hajui."

Akanifunga kitambaa machoni. Akayafunga na mapafu. Mapafu hayana macho, lakini kanuni ni kanuni.

"Moja ya hizo ni maji matupu," nikasema. "Na huyu ni mwanangu."

"Na wale wengine unaowapa kila siku ni wana wa nani?"

Nikapapasa mezani, nikabeba sinia la chupa.

Chupa mojawapo ikaguna. "Maji nayo yana kazi. Kazi yangu ni kutofanya kitu. Jaribu wewe uone ilivyo ngumu."

"Nyamaza," akasema Bi Mwanamkuu. "Unaharibu matokeo."

Napiga hatua moja na maabara imekwisha. Niko ndani ya kifua cha Sauda, nimebeba sinia la chupa. Nimejua kwa joto. Kuta zimevimba, napita kiubavuubavu. Mahali fulani mtu anapiga filimbi.

Pafu la kulia lina vyumba vitatu, la kushoto viwili. Cha tatu kapewa moyo, anakaa bila kodi.

"Hodi."

"Karibu, Mama Sauda," anasema moyo. Anatwanga.

"Unatwanga nini?"

"Sijui. Nilipozaliwa nilikuta nimeshaanza."

Mkono wangu umeshika chupa moja. Mwingine unapanda kwenye kitambaa. Nikikiinua kidogo tu, nitajua kama ni maji.

"Mama," sauti ya Sauda inatoka kwenye kuta zote, "unachungulia?"

"Sichungulii."

Namimina.

Hakuna kitu. Halafu bega la kushoto linapata nafasi. Halafu la kulia. Naweza kunyoosha mikono yote miwili. Mpiga filimbi anasema amechoka, anaomba ruhusa, anaondoka na kurudishia mlango taratibu.

"Ilikuwa chupa gani?" nauliza.

Moyo anaendelea kutwanga.

Nikaamka. Kumekucha. Sauda amelala chali, mdomo wazi. Nikaweka sikio kifuani pake. Kimya. Nikasikiliza tena, upande wa pili. Pumzi tu, filimbi hakuna. Nikakaa sakafuni.

Bi Mwanamkuu alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Ametulia tangu alfajiri," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unakoroma."

Pindo la khanga yake lilikuwa na fundo, na kwenye fundo ilichomoza ncha ya utepe wa bluu. Utepe ule tunaufungia kabatini kazini. Mama mkwe hajawahi kufika kazini kwangu.

"Mama, umefunga nini hapo?"

Akalisokomeza fundo kiunoni.

"Mama Sauda, kachemshe chai. Mtoto akiamka atataka kula."

Nikaenda kuchemsha chai.